Injini Ikishapata Moto

Gari lilikuwa zima, na uzima wake ndio uliokuwa ukimsogeza Elinami Nnko kwenye kitanzi.

Inspekta Namelok Kivuyo alisimama kwenye ua wa kituo akimtazama Sajenti Simel akiliwasha. Lilikuwa gari jeusi lenye injini ya turbo, mali ya marehemu Frederick Swai. Stata iliita mara moja, injini ikaitika. Halikutetemeka, halikukohoa.

"Umeliona, afande?" Simel alitoa kichwa dirishani. "Kila asubuhi mimi ndiye ninayelisogeza ili watu wapate nafasi ya gwaride. Kila asubuhi linawaka hivi hivi. Halafu mtu mzima anasema lilimgomea mlimani! Lingenigomea na mimi basi. Au yeye ndiye mwenye gundu?"

"Lizime."

Simel hakulizima papo hapo. Aliliacha lingurume kwa upole, kidole kikigonga usukani.

"Nimesema zima."

"Turbo hii, afande. Inaachwa ipoe kwanza. Ukizima ghafla unaiua."

Arusha nzima, yeyote aliyewahi kushika usukani wa turbo anaijua sheria hiyo, na anaiheshimu kuliko alama za barabarani. Namelok alisubiri. Hatimaye injini ikanyamaza.

Mkuu wa upelelezi, Afande Tajeu, alitoka ofisini na jalada kwapani. "Namelok, hili linakwenda kwa mwendesha mashtaka jioni ya leo. Mauaji. Unatafuta nini tena kwenye hilo gari?"

"Nataka kujua kama mtuhumiwa anadanganya."

"Anadanganya. Fundi ameandika gari zima. Shahidi ameapa. Gari lenyewe limenguruma hapa mbele yako."

"Limenguruma likiwa baridi, afande. Yeye hakusema lilimgomea likiwa baridi."

Tajeu alihamisha jalada kwapa la pili. "Una hadi jioni. Chukua Simel. Kielelezo kikirudi na mkwaruzo mmoja, nyote wawili mtalinda benki."

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuielezea, na wepesi huo haukumpendeza Namelok. Frederick Swai alikuwa mfanyabiashara wa Arusha mjini, mwenye shamba la vitunguu na nyanya huko Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru. Jumatano ya wiki iliyopita aliondoka mjini na dereva wake, Elinami. Alhamisi asubuhi alikutwa ndani ya bwawa la kumwagilia shambani kwake, kisogo kimepasuka. Simu yake ililowa pamoja naye, na majibu ya kampuni ya simu yalikuwa hayajafika.

Joel Massawe, shemeji wa marehemu na msimamizi wa shamba, aliapa kwamba gari lilifika getini jioni, Elinami usukani, Frederick pembeni yake. Walizima, wakashuka wakigombana, wakaelekea bwawani. Baadaye kidogo Elinami alirudi peke yake, akaliwasha, akaondoka kwa kasi.

Elinami alisema hakufika kabisa shambani. Walisimama Maji ya Chai, bosi akaingia duka la pembejeo. Walipowasha tena, gari lilianza kumisi, injini ikikatakata, likatoa moshi mweusi, likakosa nguvu. Walijikongoja nalo hadi mbele ya Momela, likazima, likakataa kuwaka. Mtu wa pikipiki akatokea upande wa Ngarenanyuki, bosi akapanda nyuma yake, akaondoka. Dereva alibaki na nyati wa hifadhi mpaka gari lilipopoa, likawaka vizuri, akaligeuza kulirudisha mjini kama alivyoagizwa. Mtu wa pikipiki hakumjua.

Mmoja wao alikuwa mwongo. Namelok alikuwa na tabia ya kuwashuku wote wawili, na kumwongeza wa tatu kwa akiba.

*

Maji ya Chai walisimama mbele ya lile duka la pembejeo. Pembeni yake palikuwa na banda la chai, na mwenye banda, mwanamke mpana aliyeitwa Sabina, aliwapokea kwa mwiko mkononi.

"Karibuni, wakubwa. Chai ipo, chapati zipo. Rushwa ndiyo sina."

"Tupe chai," alisema Namelok. "Hiyo nyingine tutavumilia."

Simel alikuwa ameliacha gari lingurume kabla ya kulizima. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamekuja kulichunguza, alifungua boneti akachungulia ndani, akagusa hili, akavuta lile. Walipomaliza chai aliliwasha. Likawaka kama asubuhi.

"Gari zima, afande," alisema, sauti yake ikiwa na utamu wa mtu aliyeshinda. "Baridi zima, moto zima. Jamaa ni mwongo, turudi."

Namelok hakuinuka. Alimtazama Simel akifunga boneti, akaitazama mikono yake ilivyofanya kazi kwa adabu, kama mtu anayemfunika mtoto. Akatoa simu, akampigia askari wa zamu, akaomba mahabusu apewe simu.

"Elinami, hapa Maji ya Chai nani alizima gari?"

"Bosi, afande."

"Si wewe ulikuwa usukani?"

"Alikuwa anapitisha mkono, anazungusha ufunguo mwenyewe. Kila mara. Nikimwambia turbo ipoe kwanza, ananiambia ninachoma mafuta yake bure."

"Kwa hiyo hamkuipoza."

"Hatukuipoza. Na tulikuwa tumetoka mjini mbio, yeye ana hasira zake."

"Kwa nini hukulisema hilo kwenye maelezo yako?"

"Niliulizwa nimemuua na nini, afande. Sikuulizwa nani alizima gari."

Namelok alikata simu. "Simel, panda. Twende barabara ya Momela, panda mlima kama unamfukuza mwizi, geuza, rudi hapa. Ukifika, zima hapo hapo. Boneti usiiguse."

"Afande, nitaiua hii turbo."

"Itakufa kwa amri yangu. Wewe utaandika maelezo tu."

Waliporudi, tairi zilikuwa na vumbi na Simel alikuwa na uso wa msiba. Alizungusha ufunguo, injini ikakatika ghafla. Chini ya boneti iliyofungwa vyuma vilisikika vikilia, tik, tik, kama mahindi ya kwanza kikaangoni. Wakanywa chai ya pili.

"Sasa washa."

Stata ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka. Injini ilishika kwa shingo upande, ikatetemesha gari zima mpaka kioo cha pembeni kikacheza. Moshi mweusi ukamwagika nyuma, na harufu ya petroli ikatanda hadi jikoni. Simel alikanyaga mafuta. Gari likaguna, likapiga chafya, likakataa kupanda hata kijituta cha kuingilia barabarani.

Sabina alitoka bandani akipunga mfuniko wa sufuria. "Hilo! Ni hilo hilo! Si ndilo lililonifukiza wiki iliyopita, chapati zangu zikanuka petroli mpaka wateja wakahama? Nikamfokea yule baba wa shati jeupe, akaniambia nihamishe jiko!"

"Siku gani hiyo?" Namelok aliuliza.

"Jumatano. Watu walikuwa wanarudi na mizigo kutoka soko la Tengeru."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Polisi gani, dada yangu? Walikuja hapa wawili, wakala chapati nne, wakaniuliza kama kuna pilipili."

Simel aliangalia kiatu chake.

"Usifurahi," Namelok alimwambia, ingawa Simel hakuonekana mwenye furaha. "Dereva amesema kweli kuhusu gari. Mtu anaweza kusema kweli kuhusu gari na akawa muuaji. Kinachonisumbua ni fundi. Fundi gani aliyelihudumia gari hili asijue?"

*

Gereji ya fundi Solomoni ilikuwa Tengeru, chini ya paa la mabati, imezungukwa na magari yaliyong'olewa viungo. Gari lilipopoa likawaka, Namelok aliingia nalo mbio, akalizima papo hapo, akashuka.

Solomoni alikuwa mtu wa kujiamini, ovaroli limepigwa pasi, kalamu sikioni. Alisalimia kwa sauti kubwa ili wateja wake wasikie kwamba anafahamiana na serikali.

"Afande! Mbona mmelileta tena? Si nilishaandika? Gari lile ni chuma."

"Nimekuja kusalimia tu. Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na kazi?"

Aliuliza kazi, akauliza mvua, akauliza kanisani walivyosherehekea mavuno. Solomoni alijibu, kwanza kwa bashasha, kisha kwa mashaka, kisha kwa mkato, na jicho lake likawa linakwenda kwenye boneti iliyofungwa na kurudi. Namelok aliyaona hayo macho.

"Hebu nisogezee kivulini, fundi. Ufunguo huu hapa."

"Vijana watasogeza."

"Nimekuomba wewe."

Solomoni aliingia. Alikanyaga mafuta hadi mwisho kabla hata ya kupiga stata. Mtu asiyejua ugonjwa hatoi dawa. Hata hivyo gari lilikohoa, likatapika moshi mbele ya wateja, likazima.

"Mafuta machafu hayo," alisema haraka. "Siku hizi vituo vya mafuta vinachakachua."

"Wakati wa kuwasha ulikanyaga mpaka chini. Kwa nini?"

"Mazoea tu."

"Simel amekuwa akiliwasha wiki nzima bila kukanyaga. Kukanyaga hivyo huingiza hewa ya kukausha petroli iliyozidi, na wewe ulijua kwamba imezidi. Nani alikuambia?"

Solomoni alifuta mikono kwenye ovaroli. Pasi yote ikaharibika.

"Fundi, kuna mtu amefungiwa pale kituoni kwa sababu ya maandishi yako. Leo jioni yanakwenda kwa mwendesha mashtaka. Ukinyamaza, nitakuhesabu na wewe."

"Sikumuua mtu mimi!"

"Sijasema umeua. Nimesema unajua."

Alishuka, akamvuta Namelok nyuma ya gari lililokatwa pua. Sauti yake ya serikali ilikuwa imekwisha.

"Gari lilikuja likiwa linamisi asubuhi, likiwa baridi. Injekta, zile pua za kupulizia petroli, zilikuwa zimekufa. Bwana Swai alitaka mpya. Mimi nikafunga za mtumba, nilizitoa kwenye gari lililogongwa. Jumatatu nilifunga. Jumanne nikaliwasha, likaimba. Nikaliendesha, nikaipoza turbo, nikalizima kama inavyotakiwa, nikaliwasha tena. Likaimba."

"Kila mtu anayeliheshimu haoni kitu."

"Ndiyo hivyo. Ukizima likiwa na moto mkali, injekta zinaendelea kudondosha petroli ndani. Inarundikana kule, plagi zinalowa. Ukiwasha, ni moshi na kutetemeka. Likipoa kabisa, limesahau."

"Na ulilijua hilo lini?"

Solomoni alichomoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Lini, fundi?"

"Jumatano. Bwana Swai alinipigia kutoka Maji ya Chai. Alinitukana mpaka wazazi wangu. Akasema akirudi kutoka shambani atanifungia gereji. Kesho yake nikasikia ameuawa. Mmoja wenu akaja kuniuliza gari lina tatizo? Nikaona nikisema lina tatizo, wataniuliza aliyelitia tatizo ni nani, halafu na ugomvi wa simu. Nikaandika zima."

"Ukijua Elinami anasema kweli."

"Nilijua, afande."

"Na ulilala."

Namelok alimtazama vile mtu anavyotazama nyoka aliyemdhania kamba. Mwizi wa spea anaweza kumnyonga mtu bila kugusa shingo yake.

"Nani mwingine alijua ugonjwa huu? Fikiri kabla hujajibu."

"Hakuna. Gari lilitoka hapa Jumanne jioni. Jumatano ndiyo safari yake ya kwanza. Alhamisi mlikuwa nalo ninyi. Bwana mwenyewe, dereva na mimi. Basi."

"Basi," alirudia Namelok. "Simel, mpeleke kituoni aandike upya. Likipoa, mimi nitaendesha."

*

Elinami aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na kandambili zisizolingana. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na wiki ya mahabusu ilikuwa imemchonga zaidi.

"Shikamoo, afande."

"Kaa. Gari nimeliona. Fundi amekiri, na mama wa chapati anakukumbuka kwa ubaya."

Elinami alishusha mikono chini ya meza. "Mungu akubariki. Kwa hiyo ninakwenda nyumbani?"

"Hapana."

"Afande, si umeona?"

"Nimeona kwamba umenieleza kweli ya gari. Kila jambo. Moshi, mlima, nyati, ufunguo. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo, bosi wake anapanda pikipiki mbele yake, yeye hakumbuki hata rangi ya pikipiki?"

"Sikumjua."

"Bosi wako alikuwa mtu wa kupanda pikipiki ya mtu asiyemjua? Jioni, porini?"

Elinami alitazama mlango.

"Nani amekutembelea hapa?"

"Joel. Aliniletea chakula Jumapili."

"Alisema nini?"

"Alisema... alisema Agnela na watoto hawajambo. Alisema nisiwe na wasiwasi, yeye anawaangalia. Anawaangalia usiku na mchana."

Agnela alikuwa mke wake. Waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, hatua chache kutoka bwawani.

Namelok aliinamia meza. "Elinami, Joel anakuangalizia mke kwa sababu gani?"

Ikatoka polepole, kama msumari kwenye mti mbichi. Mtu wa pikipiki alikuwa Joel. Alivaa helmeti na hakuivua, lakini dereva aliijua sauti. Frederick alikuwa amempigia simu aje kumchukua. Joel alipofika, gari lilikuwa bado linakataa, Elinami anapiga stata, na wale wawili wakaanza kugombana pale pale kando ya barabara.

"Walihama Kiswahili, wakaingia Kimachame, Kichaga cha kwao. Walidhani sisikii. Mimi ni Mmeru, afande. Kimeru na Kimachame ni mtu na binamu yake."

"Walisema nini?"

"Bosi alimwambia amejua kwamba amewakodisha watu nusu ya shamba kwa siri. Akamwambia, kesho jua lisikukute kwangu, wewe na vitu vyako. Joel akasema, panda, shemeji, tukaongelee nyumbani." Aliinua macho. "Akapanda. Sikumwona tena. Mke wangu yuko kwa mtu huyo, afande. Ningesema nini?"

Namelok alifunga mlango nyuma yake, akasimama koridoni. Neno la mtuhumiwa dhidi ya neno la shemeji wa marehemu. Elinami alikuwa na kila sababu ya kumtaja mwingine, na hadithi ya Kimachame ingeweza kutungwa na yeyote mwenye wiki nzima ya kutazama ukuta. Wakili mzuri angeichana kama karatasi ya sukari. Na jua lilikuwa limeshaanza kuegemea magharibi.

"Simel. Tunakwenda Ngarenanyuki. Kwa gari lile."

"Likitugomea?"

"Nitalishukuru."

*

Walipita Momela bila kusimama. Simel alikuwa ameagizwa asipoze kitu, asipunguze kitu. Aliendesha meno yameumana. Walipofika shambani alilizima kwa mkato mbele ya geti, karibu na nyumba za wafanyakazi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliacha ndoo yake bombani akatazama. Lilikuwa gari la mumewe kazini, na mumewe hakumo.

Joel Massawe alikuja akitembea haraka, kijana mtanashati wa buti safi kuliko shamba lake.

"Afande, karibuni. Mngenipigia niandae hata mbuzi."

"Hatukai. Tumekuja kumchukua Agnela akaandike maelezo. Dakika mbili."

"Agnela hajui kitu. Ila sawa, sawa." Aligeuka upande wa bombani. "Agnela! Jiandae, unakwenda na wakubwa! Harakisha!"

"Naye mbona unamkimbiza? Bwana Massawe, wakati tunamsubiri, unikumbushe. Gari hili uliliona lini mara ya mwisho kabla ya Jumatano?"

"Hili? Mwezi mzima halikuwa limefika. Shemeji alikuwa anakuja na pikapu."

"Na Jumatano?"

"Nilishaandika. Lilifika, likazimwa hapo hapo mliposimama ninyi. Wakaenda bwawani. Baadaye dereva akarudi peke yake, akawasha, akatoka mbio."

"Liliwaka vizuri?"

"Vizuri kabisa. Mara moja tu."

"Hukuliona mahali pengine siku hiyo? Njiani?"

"Mimi sikutoka shambani siku hiyo, afande. Wafanyakazi watakuambia."

Wafanyakazi wawili waliokuwa wakipanga matenga waliendelea kupanga matenga. Namelok alizungumza kidogo juu ya bei ya nyanya. Agnela alikuja na kifurushi, watoto wengine wawili wakimshika kanga. Namelok aliwafungulia mlango wa nyuma wakapanda.

"Haya, Simel. Twende."

Stata ilizunguka. Injini ilishika, ikatetemeka, ikamwaga moshi mweusi hadi kwenye matenga, ikazima. Simel akapiga tena. Ikazima. Akapiga tena, kwa muda mrefu, kama alivyoagizwa.

Joel alitazama barabara. Akatazama nyumba za wafanyakazi, ambako watu walikuwa wameanza kutoka. Akatazama bwawa, haraka, akaondoa macho.

"Tatizo nini?" aliuliza.

"Sijui," alisema Namelok. "Labda tutalala hapa. Una nafasi? Kesho asubuhi tungezunguka shamba kidogo, tuongee na hawa watu wote mmoja mmoja."

"Hapana, hapana, litawaka hili." Alisogea mbele. Simel alipiga stata tena, akasukuma, akasukuma. Joel akashindwa kuvumilia, akapiga bati la boneti kwa kiganja. "Acha, sajenti! Usilisukume hivyo! Ndivyo alivyofanya yule dereva, akalizamisha mafuta kabisa. Fungueni boneti lipoe, litawaka lenyewe!"

Simel aliondoa mkono kwenye ufunguo.

Matenga yalikuwa hayapangwi tena. Namelok hakupaza sauti.

"Alifanya hivyo wapi?"

"Nani?"

"Yule dereva. Alipolizamisha. Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Joel alicheka kidogo, cheko lisilo na mtu ndani yake. "Magari ya turbo yote ndivyo yalivyo, afande."

"Ugonjwa huu hili lilitoka nao gereji Jumanne ya wiki iliyopita tu. Jumanne usiku lililala mjini kwa mwenyewe. Alhamisi lilikuwa kwetu. Umeniambia hapa mara moja tu liliwaka, likatoka mbio. Sasa nieleze yule dereva alilizamisha wapi, na wewe hukutoka shambani."

"Nilisikia... shemeji aliniambia kwa simu."

"Kwamba limezima?"

"Ndiyo."

"Njiani?"

Aliona alipokanyaga, lakini mguu ulikuwa umeshazama. Kama gari lilizima njiani, basi lile aliloapa kuliona getini lilikuwa gari gani? Mmoja wa wale wafanyakazi wa matenga, mzee wa kofia ya sufu, akasema bila kumtazama mtu, "Alitoka. Alitoka na pikipiki, akarudi na tajiri nyuma. Gari halikuja hapa Jumatano."

"Wewe mzee nyamaza!" Joel alipiga kelele.

"Nimenyamaza wiki nzima," alijibu mzee.

Simel alishuka na pingu. Joel hakukimbia, aliangalia buti zake wakati chuma kikimfunga, kama mtu anayetafuta tope mahali lisipokuwepo. Namelok alipiga simu.

"Afande Tajeu, jalada liko wapi?"

"Mezani. Gari la kulipeleka kwa mwendesha mashtaka linasubiri. Kwa nini?"

"Lisitoke. Nina Joel Massawe mkononi, na nina shahidi aliyeona pikipiki. Fungua mlango wa Elinami."

Upande wa pili ilisikika sauti ya karatasi zikirudishwa kwenye droo.

Agnela alikuwa ameshusha kioo. Alikuwa amesikia kila neno, na bado aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Anatoka? Au mnamhamisha tu?"

"Anatoka, mama. Wewe ndiye utakayemkuta mlangoni."

Agnela alijifunika uso kwa kanga. Simel alimkalisha Joel kiti cha mbele, mbali na watoto, akafungua boneti. Joto likapanda kwenye hewa ya jioni. Hakukuwa na gari lingine pale, na hili halikuwa tayari kwenda popote. Basi wote wakakaa, muuaji na mke wa mtu aliyetaka kumnyongesha, ndani ya chuma kile kile, wakisubiri lipoe.